Anemoni ya msituni: haichipui, haitoi maua, inatoweka. Tafuta chanzo hapa

Anemoni ya msituni (Anemone nemorosa) ni ua dogo jeupe la misitu ya Ulaya, la familia ya Ranunculaceae. Mmea una urefu wa sentimita 10 hadi 15 hivi. Katikati ya shina kuna majani matatu yaliyochanika-chanika, na juu yake ua moja tu, mara nyingi lenye sepali (vijani vya nje vya ua) 6 au 7 ambazo mtu huzidhania petali. Kwa anayeishi Uingereza, Ujerumani au nchi za Skandinavia, hili ni miongoni mwa maua ya kwanza kutandaza chini ya miti, kabla miti yenyewe haijavaa majani.

Kabla ya kuhangaika na dawa, elewa mambo mawili, kwa kuwa yanaeleza sehemu kubwa ya malalamiko yote. La kwanza ni kwamba mmea wenyewe hasa uko chini. Una shina linalolala na kutambaa udongoni kama la tangawizi, ila jembamba kuliko penseli, la rangi ya kahawia na linalokatika upesi. Hapa tutaliita rizomu. La pili ni kalenda. Vichipukizi hutokeza Februari au Machi, maua huwapo Machi hadi Mei, majani hugeuka manjano Mei na Juni, kisha hakuna kinachoonekana juu mpaka mwaka unaofuata. Katika miezi hiyo ya kimya rizomu iko hai, na kuanzia Septemba huanza kutoa mizizi mipya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza katika kila tatizo ni ileile: fukua. Tumia vidole au kijiti butu, si jembe, na shuka sentimita 5 tu. Vunja ncha ya rizomu moja. Ikiwa ndani ni nyeupe au rangi ya maziwa, na imejaa maji, mmea ni mzima. Ikiwa ndani ni kahawia na inakatika kama ukuni mkavu, ilikufa kwa kiu. Ikiwa ni laini, nyeusi na inanuka, imeoza. Majibu hayo matatu yanakupeleka kwenye sehemu tofauti za mwongozo huu.

HAKUNA KILICHOCHIPUA

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi kosa lilifanyika dukani kabla hata ya kupanda. Rizomu za anemoni hii haziwezi kukaa kavu. Hazina ganda la kuzikinga kama kitunguu cha tulipu. Zikiwekwa kwenye pakiti yenye vumbi la mbao na kutundikwa kwenye rafu ya duka lenye joto kwa wiki kadhaa, nyingi hufa kabla ya kununuliwa. Pakiti ya vipande 10 inaweza kuchipusha 2, na mtu akadhani udongo wake ni mbaya.

Ukiwa bado na pakiti mkononi, ibonyeze. Rizomu nzuri ni ngumu kidogo na ina vichipukizi vya rangi hafifu nchani. Iliyosinyaa na nyepesi kama majani makavu irudishe dukani. Zile za katikati, zilizonywea lakini ndani bado ni nyeupe, ziloweke kwenye maji ya baridi kwa saa chache, au usiku mmoja, kisha zipande siku hiyohiyo. Kuziloweka zaidi ya hapo kunaozesha.

Bora kabisa ni kununua mimea iliyo kwenye chungu, yenye majani, mwezi wa Machi au Aprili. Bei ya chungu kimoja ni kubwa kuliko ya pakiti, lakini ukihesabu kinachobaki hai, chungu ndicho rahisi. Pili kwa ubora ni rizomu mbichi zilizong'olewa karibuni na kufungwa kwenye mboji yenye unyevu. Tahadhari hii inahusu pia ndugu zake wa familia wanaouzwa wakavu, kama Eranthis hyemalis yenye maua ya manjano.

Sababu nyingine ya kutochipua ni kina. Kipimo ni sentimita 3 hadi 5, rizomu ikiwa imelazwa. Ukiizika sentimita 10 au zaidi kwenye udongo mzito, chipukizi huishiwa nguvu njiani. Ukiiacha juu mno, sentimita 1 tu, ndege wanaochakura majani huifukua na jua huikausha. Usijitese kutafuta upande wa juu na wa chini. Ilaze tu, chipukizi litajua njia.

Namna ya kupanda upya, ukishajua kwamba za kwanza zimekufa:

Lainisha udongo kwa uma wa bustani hadi sentimita 15, na uondoe mizizi ya magugu. Changanya ndoo moja ya lita 10 ya majani yaliyooza kwa kila mita mraba. Ikiwa udongo ni mfinyanzi unaotuamisha maji, ongeza nusu ndoo ya kokoto ndogo au mchanga wa chembe kubwa. Laza vipande kwa nafasi ya sentimita 20, yaani vipande 25 kwa mita mraba. Funika, mwagilia maji taratibu, kisha tandaza majani makavu yaliyosagika kwa unene wa sentimita 2 au 3. Weka kijiti cha alama kwenye kila kona. Kijiti hicho ni cha lazima. Mimea mingi huuawa na mwenye bustani mwenyewe, mwezi wa Agosti, anapoona pahala patupu na kuamua kupachimba apande kitu kingine.

Ikiwa umefukua na kukuta rizomu nyeupe na nzima lakini hakuna jani, subiri. Rizomu iliyopandwa Oktoba au Novemba wakati mwingine hutumia mwaka wa kwanza kutengeneza mizizi tu, na jani lake la kwanza hutoka mwaka wa pili. Usiiguse.

Na ikiwa shimo ni tupu kabisa, huna rizomu hata moja, si nzima wala mfu? Panya wa shambani au ndege. Panda upya na ulaze juu yake wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hadi 2, chini kidogo ya matandazo. Majani hupita bila shida, makucha hayapiti.

MAJANI YAPO, MAUA HAKUNA

Angalia majani yanavyotoka. Rizomu changa au dhaifu hutoa jani moja moja, kila moja na kikonyo chake kutoka ardhini. Rizomu yenye nguvu ya kutoa ua hutoa shina lenye majani matatu yaliyozunguka mahali pamoja, na ua juu yake. Ukiona majani ya aina ya kwanza tu, na ni mazima na ya kijani, basi mmea haujakomaa au hauli vya kutosha. Kinachoulisha ni mwanga wa Machi hadi Mei.

Hapo ndipo kivuli kinapoeleweka vibaya. Watu husoma kwamba ni ua la kivulini, wakalipanda chini ya misonobari au uzio wa miti isiyopukutisha majani. Kivuli linachokitaka ni cha miti inayopukutisha: mwaloni, mbetula, mhazeli, tufaha. Miti hiyo inakuwa mitupu Machi, jua linafika ardhini, na mmea hujiwekea akiba ya mwaka mzima katika wiki hizo chache. Chini ya mti wa kijani mwaka mzima akiba hiyo haipatikani. Mmea unaweza kuishi hivyo miaka kadhaa ukitoa majani tu, kila mwaka machache zaidi. Dawa ni kupunguza matawi ya chini au kuhamisha rizomu.

Sababu ya pili ni kufyeka mapema. Ikiwa anemoni imo ndani ya nyasi, usipitishe mashine ya kukata nyasi mpaka majani yake yawe manjano, yaani hadi katikati au mwisho wa Juni. Kukanyaga nako kuna madhara kama hayohayo, kwa kuwa mmea hauna muda wa kutoa majani mengine baada ya yale ya kwanza kupondeka. Kama watoto hukatiza hapo kila siku, weka njia ya mawe.

Sababu ya tatu ni mbolea. Samadi mbichi na mbolea zenye naitrojeni nyingi hunufaisha upupu wa Ulaya, miiba na nyasi, ambavyo huifunika anemoni. Majani yaliyooza yanatosha. Mbolea ya dukani haihitajiki kabisa.

Lakini kama majani yasiyo na maua ni marefu kuliko kawaida, membamba, yamesimama wima na rangi yake imefifia, usiendelee na mambo ya mwanga. Geuza jani uangalie chini yake.

MADOA NA UNGA CHINI YA JANI

Vijivimbe vya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, vilivyotapakaa mgongoni mwa jani ni kutu ya majani, kuvu aitwaye Tranzschelia anemones. Vikombe vidogo vyeupe vyenye kingo zilizochanika ni kutu nyingine, Ochropsora ariae, ambayo sehemu ya maisha yake huipitisha kwenye miti ya jenasi ya Sorbus. Zote mbili huingia hadi kwenye rizomu. Ndiyo maana kukata jani lenye madoa hakusaidii: mwakani jani jingine litatoka vilevile, refu, hafifu na bila ua. Dawa ya kupuliza nayo haifiki ilipo kuvu.

Cha kufanya ni kung'oa rizomu iliyoathirika pamoja na sentimita 10 za pande zote, mapema Aprili kabla vijivimbe havijapasuka, na kuitupa kwenye takataka za kuchomwa, si kwenye mboji. Katika msitu wa asili kutu hizi ni za kawaida na msitu haufi kwa ajili yake, kwa hiyo hakuna haja ya hofu. Bustani ndogo yenye mimea 20, hata hivyo, inaweza kukosa maua kabisa.

Malengelenge yaliyovimba kwenye vikonyo na mishipa ya jani, yanayopasuka na kumwaga unga mweusi kama masizi, ni fugwe (Urocystis anemones). Tiba yake ni ileile ya kung'oa. Funga mmea ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuuvuta ili unga usitapakae.

Utando mweupe kama pamba chini ya jani, huku juu kukiwa na mabaka ya manjano, ni ubwiri. Huja katika majira yenye mvua na hewa iliyotuama. Punguza msongamano, ondoa majani yenye utando, na usimwagilie maji kutoka juu. Huu hauna uzito wa kutu.

VIKOMBE VYA KAHAWIA VIMEOTA KATIKATI YA MAUA

Machi na Aprili waweza kuona uyoga mdogo wenye umbo la kikombe, upana wa sentimita 1 hadi 3, rangi ya kahawia iliyokoza, umesimama juu ya kikonyo kirefu kinachozama ardhini. Fuata kikonyo hicho taratibu kwa kidole. Chini kabisa utakuta kidonge cheusi, kigumu, ndani cheupe, na kando yake rizomu iliyooza. Huyo ni Dumontinia tuberosa, na chakula chake ni rizomu za anemoni.

Wapo wanaofurahi kumwona, maana ni uyoga wa kuvutia. Msituni mwache. Bustanini, chimbua kila kikombe pamoja na kidonge chake cheusi, na uondoe rizomu laini zilizo karibu. Kukwanyua kikombe peke yake ni kazi bure kwa kuwa kidonge hubaki na kuchipua tena mwakani. Ukiona eneo lililoathirika linapanuka, pumzisha mahali hapo na upande anemoni upande mwingine wa bustani.

MAUA YAMEFUMBA AU YAMEINAMA

Si ugonjwa. Ua hili hufumba usiku na siku za mawingu au mvua, likainamisha shingo ili chavua isilowe. Jua likitoka, hufunguka. Asubuhi yenye jalidi mashina yanaweza kulala chini kabisa yakaonekana yamekufa. Ifikapo mchana husimama. Usiyamwagie maji ya moto wala kuyafunika plastiki.

Yakiwa yamelala mchana kutwa, siku ya jua, gusa udongo. Kama ni mkavu hadi sentimita 5 chini, mwagilia lita 10 kwa mita mraba. Kama umelowa chepechepe, una tatizo la maji kutuama, na rizomu zitafuata kuoza. Chimba mfereji mdogo wa kupitishia maji au inua tuta kwa sentimita 10.

MAJANI YAMEGEUKA MANJANO

Tarehe ndiyo inayojibu. Mwisho wa Mei au Juni: ni kawaida, mmea unakwenda kulala, mwache. Aprili, wakati maua bado yapo: fukua uangalie. Rizomu laini maana yake maji yametuama au yule kuvu wa vikombe. Rizomu ngumu na nyeupe katika udongo mkavu maana yake kiu. Mwagilia mara moja kwa wiki hadi Mei iishe.

Kiangazi hauhitaji maji ukiwa ardhini. Ulio kwenye chungu ni habari nyingine. Chungu hupata joto hadi ndani na rizomu hukauka zikiwa usingizini. Kiweke upande wa kaskazini wa nyumba na ukilowanishe kidogo kila baada ya siku 10 hivi.

MAJANI YAMELIWA

Mmea una sumu, lakini koa hawajali. Hupenda hasa vichipukizi vya Februari na Machi. Ukikuta vikonyo vimekatwa chini na njia za ute unaong'aa, ni wao. Toka usiku na tochi uwaokote, au tumia punje za fosfati ya chuma kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Punje za metaldehidi zilipigwa marufuku kutumika nje Uingereza, Scotland na Wales mwishoni mwa Machi 2022, hivyo kama una kopo la zamani, usilimalizie bustanini.

Maua yaliyokatwa juu kwa juu, shina likibaki, ni kazi ya kulungu, hasa aina ndogo iitwayo muntjac kusini mwa Uingereza. Hapo ni uzio tu.

HAIENEI

Inaenea, ila kwa kasi yake: kwa wastani sentimita 2 hivi kwa mwaka msituni, takriban mita 2 kwa karne. Ndiyo sababu wataalamu wa Uingereza huihesabu miongoni mwa dalili za msitu wa kale. Bustanini, kwenye udongo laini, huenda haraka zaidi, lakini ukitaka zulia ni lazima uigawe kwa mkono.

Gawa baada ya miaka 3 au 4, mwishoni mwa Mei majani yanapoanza kuwa manjano na bado unaona rizomu zilipo. Inua bonge zima, tenganisha kwa vidole, na uchukue vipande vya sentimita 5 hadi 8, kila kimoja kikiwa na angalau chipukizi moja. Vipande vidogo zaidi huishi, lakini hukaa miaka bila ua. Vifunike kwa gazeti lililolowa unapofanya kazi, na uvirudishe udongoni saa hiyohiyo. Vaa glavu: utomvu una protoanemonini, ambayo huwasha na kutoa malengelenge kwenye ngozi. Usiguse macho, na mbuzi au farasi wasipewe mabaki mabichi.

Usichimbe za msituni. Uingereza, sheria ya wanyamapori na maeneo ya mashambani ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

MBEGU HAZIOTI

Mbegu za pakiti, zilizokauka, ziache dukani. Mbegu ya anemoni hii huanguka kiini chake kikiwa hakijakomaa, na hukua zaidi ikiwa katika udongo wenye unyevu. Ikikauka, basi. Zivune Mei au Juni zikiwa bado za kijani lakini zinaachia kwa kuguswa, zipande siku hiyo kwenye trei, zifunike kwa nusu sentimita ya udongo, na uiache trei nje kivulini, mvua na baridi zikiipata. Kizizi hutoka kuelekea majira ya baridi, jani Machi. Ua la kwanza lisubiri miaka 5 au zaidi. Aina ya maua yenye tabaka nyingi, kama 'Vestal', izalishe kwa rizomu tu.

UA SI NILILOTARAJIA

Ua jeupe linalogeuka waridi linapozeeka ni la kawaida. Ua la kijani kitupu, kama rundo la vijani, laweza kuwa ni 'Virescens', aina inayouzwa hivyohivyo, si ugonjwa. La samawati hafifu ni 'Robinsoniana' au mwenzake. Ua la samawati lenye sepali nyembamba nyingi, zaidi ya 10, lililotoka kwenye kiazi kidogo cheusi, ni Anemone blanda, na linataka jua zaidi. Jekundu kubwa ni Anemone coronaria, la jua kabisa. Chini ya miti litakufa.

Na kama ua ni jeupe lenye petali 5, majani yana vipande vitatu vyenye umbo la moyo na ladha ya ukakasi, hiyo ni Oxalis acetosella, wala si wa ukoo huu. Usionje kutafuta uhakika, maana ukikosea umekula anemoni.

KUIPANDA AFRIKA MASHARIKI

Swali hili huulizwa na wanaotaka kupeleka nyumbani Limuru, Lushoto au Kabale. Nyanda hizo zina ubaridi, lakini si majira ya baridi ya miezi kadhaa ambayo mmea huu umezoea kulala na kuamka nayo. Hata ukichipua mara moja, usitegemee urudi. Afrika Mashariki ina anemoni yake, Anemone thomsonii, inayoota juu ya mstari wa misitu katika Mlima Kenya, Kilimanjaro na Aberdare. Nayo haishuki bustanini kwa urahisi, na ndani ya hifadhi haichimbwi. Anayesisitiza kusafirisha rizomu anahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi anayotoka na kibali cha kuingiza mimea kabla ya safari, kutoka mamlaka ya afya ya mimea: KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania. Rizomu zenye udongo zilizofichwa kwenye sanduku zikikamatwa uwanjani huteketezwa, na kutu iliyoelezwa hapo juu husafiri ndani yake bila kuonekana.